Sura ya 5: Paka na Tundu la Besi

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, sabufa ina mahali pake pa heshima. Inakaa sebuleni, kando ya kabati la televisheni au chini yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na spika zake ndogo zimepangwa kulia na kushoto. Ni mali ya familia nzima: inapiga taarabu mchana, taarifa ya habari jioni, kaswida wakati wa Maulidi na mpira siku za mechi. Paka naye ana nafasi yake katika nyumba hizo hizo. Anakamata panya, anafukuza mende, na watoto wamempa jina. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Basi sabufa na paka inabidi waishi chumba kimoja, na mwenye nyumba ndiye wa kuwapatanisha.

Sura hii inaeleza namna ya kumzuia paka asiingie ndani ya spika, asiipasue na asitafune nyaya zake. Hoja yangu ni moja. Paka hafanyi mambo hayo kwa ukorofi. Anayafanya kwa sababu spika inampa giza, joto, mahali pa kunolea kucha na sauti ya kuchunguza, vyote pamoja. Ukiziba tundu bila kumpa badala yake, atahamia mahali pengine, pengine pabaya zaidi. Ukimpa badala yake bila kuziba tundu, ataendelea kuichagua spika. Kazi ina pande mbili na zote mbili lazima zifanywe. Kwa bahati njema, hakuna upande wenye gharama kubwa.

Kilichomo ndani ya boksi

Huwezi kukinga kitu usichokijua, kwa hiyo tuanze na spika yenyewe. Spika za majumbani mwetu zinafuata muundo ulioelezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric. Koili ya waya mwembamba inaning'inia katika pengo la sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inacheza mbele na nyuma, nayo inaisukuma koni, ile ambayo mafundi wengi huiita karatasi ya spika hata ikiwa ya plastiki. Koni inasukuma hewa, na hewa inafikisha sauti masikioni. Pengo ambamo koili inacheza ni jembamba sana. Chembe ya mchanga au ya chuma ikinasa humo, koili inasugua na spika inaanza kukwaruza. Ndiyo maana katikati ya koni kuna kofia ndogo ya kuzuia vumbi, na ndiyo maana kofia hiyo ikibonyezwa au kutobolewa, spika huwa imekwisha kuingia matatani.

Sasa tundu. Koni inaposukuma hewa mbele, huku nyuma, ndani ya boksi, inaivuta. Sauti ya nyuma ikitoka ovyo hukutana na ya mbele na kuifuta, na kinachopotea kwanza ni besi. Albert Thuras, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, alipata hataza mwaka 1932 kwa ufumbuzi wake: alitoboa boksi na kuweka njia ya hewa yenye vipimo maalumu, ili sauti ya nyuma itoke ikiwa imegeuzwa na kuisaidia ile ya mbele. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa ya soda utausikia msingi wa jambo hilo: mlio unategemea ukubwa wa chupa, upana wa mdomo na urefu wa shingo. Badilisha kimoja na mlio unabadilika. Vivyo hivyo, tundu la sabufa limepimwa pamoja na boksi lake, na atakayelisokomeza tambara ili kumzuia paka ataizima besi aliyoinunulia sabufa.

Katika sabufa nyingi za sokoni, boksi hilo hilo limebeba pia amplifaya, transfoma na kapasita. Transfoma hupata joto kidogo muda wote plagi ikiwa kwenye soketi yenye umeme, hata kama muziki haupigwi. Kuta za ndani mara nyingi zimebandikwa pamba ya kutuliza mwangwi. Mtazame paka akisimama mbele ya kitu hiki: chumba cha mbao chenye giza, chenye pamba, chenye uvuguvugu, na mlango mmoja wa duara unaolingana na mwili wake. Hata ungemjengea kiota kwa makusudi, ungejenga karibu hivyo hivyo.

Sauti isiyo na mwili

Sikio la binadamu mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Paka, kwa vipimo vilivyochapishwa na Rickye na Henry Heffner mwaka 1985, husikia kuanzia hezi 48 au karibu yake hadi 85,000. Sauti nyembamba za panya wanaoitana ukutani, ambazo sisi hatuzisikii kabisa, kwake ziko wazi. Kila sikio lake hugeuka peke yake kutafuta mlio unatoka wapi. Mnyama huyu anawinda kwa masikio kabla ya kuwinda kwa macho.

Mnyama wa namna hiyo akisikia ndege analia ndani ya boksi la mbao, atafanya nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Saho Takagi, walilichunguza swali linalokaribiana na hilo. Katika utafiti wa mwaka 2016 walitikisa boksi mbele ya paka, kisha wakaligeuza juu chini. Mara nyingine mlio ulisikika na mpira ukaanguka. Mara nyingine mlio ulisikika na kisianguke kitu, au mpira ulianguka bila mlio kutangulia. Paka walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi pale matokeo yalipopingana na mlio. Maana yake ni kwamba paka akisikia kitu ndani ya boksi, anatarajia kitu hicho kiwemo.

Mwaka 2021 watafiti hao walitumia spika zenyewe. Walimpigia paka sauti ya bwana wake kutoka spika moja, kisha, kufumba na kufumbua, kutoka spika nyingine iliyokuwa mahali tofauti. Paka walionyesha mshangao, kana kwamba bwana wao amehama kwa muujiza. Kwa hiyo paka anapozunguka nyuma ya sabufa yako wakati wa kipindi cha redio, anaingiza mkono kwenye tundu, kisha anaingiza kichwa, anafanya uchunguzi wa haki. Amesikia mtu. Mtu haonekani. Anakwenda kumtafuta.

Muziki wetu wenyewe haumvutii sana. Charles Snowdon wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti uliolinganisha muziki wa binadamu na muziki uliotungwa kwa milio ya paka, wenye mikoromo na mwendo wa kunyonya. Paka waliupuuza ule wa binadamu. Ule mwingine waliufuata, na wengine wakajisugua kwenye spika. Tujifunze hapa kwamba kinachomwita paka ndani ya spika ni milio inayofanana na viumbe: ndege, watoto wachanga, panya, paka wengine. Filamu za wanyama ndizo zenye kishawishi kikubwa kuliko taarabu.

Tena wakati mwingine paka hajakosea hata kidogo. Mende wanapenda vyombo vya umeme kwa sababu ya joto, na mjusi hufuata mende. Panya naye huingia kwenye boksi lililo wazi na kulalia pamba. Paka wako akikaa saa nzima mbele ya tundu la besi wakati sabufa imezimwa, fungua uangalie. Huenda humo ndani kuna mawindo ya kweli.

Joto, giza na kucha

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, *Felis lybica*, ambaye hata leo yupo katika mbuga kama Serengeti. Mnyama huyo mdogo hula panya na ndege, lakini yeye mwenyewe huliwa na wakubwa wake. Ndiyo maana paka wetu, ijapokuwa analishwa dagaa kila siku, bado anatafuta mahali penye mlango mmoja mwembamba ambapo adui mkubwa hawezi kupita. Umbo lake linamruhusu. Mifupa yake ya mtulinga haikuungana na mifupa mingine kama yetu, kwa hiyo kichwa kikipita, mabega yanafuata. Tundu la sentimita 7 linatosha kwa mtoto wa paka wa wiki chache. Tundu kubwa zaidi la sabufa pana huweza kumpitisha hata jike mwembamba.

Joto nalo lina hesabu yake. Mwili wa paka una nyuzi 38 hadi 39, na mazingira yanayomstarehesha ni ya nyuzi 30 kwenda juu, joto ambalo sisi tungeliita jasho. Usiku wa Julai huko Arusha, Iringa au Limuru, juu ya amplifaya ni kitanda. Nywele anazoziacha hapo huziba matundu ya kutolea joto, na amplifaya isiyopumua huungua.

Jike mwenye mimba ndiye wa kuangaliwa zaidi. Anabeba mimba kwa siku kama 63 hadi 65, na siku za mwisho anazunguka nyumba akitafuta mahali pa giza na pa faragha. Makabati, mapipa ya nguo na sabufa yote yamo katika orodha yake. Akishazaa, watoto hukaa wiki moja hadi mbili kabla ya kufumbua macho, na muda huo wote hawawezi kutoka wenyewe.

Kuhusu kucha, paka akikwaruza anafanya kazi tatu kwa mpigo: anavua ganda lililochakaa la ukucha ili jipya litokee, ananyoosha mgongo na mabega, na anaacha alama, ya kuonekana kwa macho na ya harufu itokayo kwenye tezi za nyayo zake. Anachagua mahali palipo wima, pasipoyumba, penye nyuzi zinazoshika kucha, tena pale familia inapokaa, kwa sababu alama isiyokutana na mtu haina faida. Kitambaa kilichovutwa kwenye fremu mbele ya spika, katikati ya sebule, kinatimiza masharti yote.

Kinachoweza kuharibika, na anayeweza kufa

Hasara ya spika inafahamika. Koni ya karatasi huchanika kwa ukucha mmoja. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ina kuba laini ambayo ikibonyea haitoi tena sauti safi. Ukingo wa koni uliotengenezwa kwa sponji, ambao kwenye unyevu wa pwani huwa umeshaanza kuoza, hupasuka paka anapoukanyaga. Mpasuko mdogo wa koni ya karatasi unaweza kuponywa nyumbani: chukua kipande cha tishu nyepesi, kipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji kidogo, bandika nyuma ya mpasuko na mbele, acha usiku mzima ikauke. Usitumie gundi ngumu ya haraka, kwa maana koni lazima ibaki nyepesi na yenye kunyumbulika. Twita iliyobonyea na koili iliyosugua zipeleke kwa fundi.

Hasara ya paka ni kubwa zaidi, na haina gundi. Kwanza kuna umeme. Mtandao wa Tanzania ni wa volti 230 na wa Kenya ni wa 240, na meno ya mtoto wa paka yanapenya ganda la waya kwa urahisi. Anayenaswa huungua mdomo na ulimi, na hata akionekana mzima, mapafu yake yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Paka aliyepigwa na umeme apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama anatembea. Na kabla ya kumgusa, chomoa plagi au zima swichi kubwa, usije ukanaswa pamoja naye.

Pili kuna nyuzi. Ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea nyuma, kwa hiyo uzi ukishaingia kinywani ni vigumu kuutema, anaumeza tu. Uzi wa kitambaa cha spika au pamba ya boksi vikifika kwenye utumbo, uzi unaweza kuukunja utumbo na kuukata, na hapo kinachobaki ni upasuaji. Ukikuta kitambaa kimenyofolewa na vipande havionekani sakafuni, mwangalie paka kama anakula na kunya kama kawaida. Uzi ukionekana unaning'inia kinywani au nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari.

Tatu kuna sauti yenyewe. Ndani ya boksi la sabufa, mgandamizo wa hewa ni mkali kuliko ule unaofika kwako ukiwa kwenye kochi. Paka aliyelala humo, ukafungulia muziki kwa sauti ya juu, anaumia masikio kabla hajapata nafasi ya kutoka. Watoto wachanga hawana hata uwezo wa kutoka.

Waislamu wa pwani wanaijua habari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia atafute chakula chake. Anayefunga tundu la spika bila kuangalia nani yumo ndani ameukaribia msiba huo, ingawa hakukusudia.

Kuziba bila kuua besi

Njia sahihi ya kuziba tundu la besi ni wavu. Tafuta wavu wenye matundu ya milimita 12 au nusu inchi, wenye waya mwembamba wa milimita moja. Hesabu yake ni nyepesi: kwa vipimo hivyo, zaidi ya asilimia 80 ya tundu inabaki wazi, na besi haitakuwa imepungua kiasi cha kusikika. Mtoto wa paka hapiti, panya mkubwa hapiti. Wavu wa mbu ni mdogo mno. Unakaba hewa, na hewa ikitoka kwa kasi inapiga mluzi.

Kwa nyumba za pwani chagua wavu wa aluminiamu au wa plastiki ngumu, maana chuma kitaota kutu kwa hewa ya chumvi. Aluminiamu ina faida nyingine: haivutwi na sumaku. Wavu wowote utakaotumia, ukate mbali na spika, nje uani, uufute vizuri, ndipo uulete. Vumbi la chuma likiangukia karibu na koni litafuata sumaku hadi kwenye pengo la koili, na utakuwa umeiua spika katika harakati za kuiokoa.

Kata duara linalozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande na kunja ncha kali. Chukua kandambili iliyokwisha, kata pete ya mpira inayolingana na ukingo wa tundu, iweke kati ya wavu na mbao. Bila pete hiyo wavu utatetema na kukoroma kila besi ikipiga. Kisha funga kwa skrubu nne fupi, zisizopenya hadi ndani. Usitumie drili bila kujua unene wa mbao. Anza kishimo kwa msumari mwembamba. Asiyetaka kutoboa boksi anaweza kubandika kwa silikoni, ambayo siku ya matengenezo itakatwa kwa wembe.

Baadhi ya spika huuzwa na vizibo vya sponji vya kuwekwa kwenye tundu. Hivyo vinakubalika, kwa sababu mtengenezaji ameshapima mabadiliko ya sauti, lakini paka hung'oa sponji na kuitafuna. Juu yake weka wavu vilevile.

Kwa upande wa mbele, ondoa kitambaa ikiwa paka ameshakizoea, weka wavu wa bati lenye matundu madogo mengi ya duara. Kucha haziwezi kushika bati, na mahali pasiposhika kucha paka hupaacha. Uwe umejitenga na koni kwa sentimita 2 au 3, kwa kuwa koni ya sabufa husogea mbele na nyuma zaidi ya unavyodhani. Kama hukuweza kupata bati, bakisha kitambaa lakini zungushia selotepu ya pande mbili kwenye kingo za fremu. Nyayo za paka hazipendi kunata. Kitambaa kipya ukikinunua, kijaribu kwa kupuliza: pumzi ikipita bila kukwama, sauti nayo itapita.

Nyaya zipitishe ndani ya bomba la plastiki la mafundi umeme, lile jeupe linalouzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kisha lifunge nyuma ya kabati. Waya unaoning'inia ni mwaliko. Waya uliofichwa husahaulika. Usiku na unaposafiri, chomoa plagi. Utapunguza hatari ya umeme, na transfoma ikipoa, hamu ya paka ya kulala humo nayo itapoa.

Mpe paka chake

Hapa ndipo watu wengi hukatiza kazi, na hapa ndipo kazi inapofanikiwa. Anza na nguzo ya kucha. Hatuna haja ya kuagiza nguzo hizo kutoka nje: kamba bora ya kuzungushia ni ya katani, zao lililoletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 na ambalo hadi leo linalimwa huko. Chukua gogo au ubao wa sentimita 80 hadi 90, urefu unaomwezesha paka kujinyoosha mwili mzima, uupigilie kwenye kitako kizito kisichoyumba, kisha zungusha kamba ya katani kwa kubana. Isimamishe pale pale kando ya spika anayoikwaruza. Ukiipeleka uani hataitumia, kwa kuwa anataka kuacha alama mbele ya watu. Akishaizoea, isogeze kidogo kidogo hadi pale unapopataka.

Kisha mpe boksi. Claudia Vinke na wenzake wa Uholanzi walionyesha mwaka 2014 kwamba paka wapya katika kituo cha kulelea paka walitulia haraka zaidi walipopewa boksi la kujificha kuliko wale wasiopewa. Boksi la katoni la kawaida linatosha. Litoboe mlango mmoja wa kiasi cha mwili wake, weka fulana ya zamani ndani, liweke juu ya kabati au kwenye kona isiyopitiwa. Wakati wa baridi, weka ndani chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa. Jike mwenye mimba apewe boksi lake wiki mbili kabla ya kuzaa, chumba chenye utulivu, mbali na redio. Na anayechoka kutafuta watoto wa paka katika makabati kila miezi michache amwone daktari wa mifugo kuhusu kumfunga uzazi jike wake.

Mwisho, cheza naye. Kamba yenye manyoya mwishoni, ikivutwa sakafuni kwa dakika chache asubuhi na jioni, inakidhi ile hamu ya kuwinda inayompeleka kwenye tundu. Ukimaliza, ifungie kabatini, maana nayo ni uzi.

Vitu vya kuviacha kabisa

Usimpige paka wala kumwagia maji. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, na paka mwenye hofu anatafuta mahali pa kujificha, yaani anarudi kule kule kwenye tundu.

Usipake mafuta ya taa, pilipili, wala mafuta ya ndimu na ya mchaichai kwenye spika. Paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo kila kinachogusa nyayo zake kitafika tumboni, na ini lake halina uwezo wa kuvunja sumu nyingi ambazo letu linazivunja. Vidonge vyeupe vya kuwekea nguo, vile vya naftalini, ni sumu kwake vilevile. Na wale wanaofikiria kufunika sabufa kwa kipande cha chandarua chenye dawa, nawasihi waache. Baadhi ya vyandarua hivyo vina permetrini, dawa inayomsaidia binadamu dhidi ya mbu lakini inayomtetemesha paka hadi kumuua ikimwingia kwa wingi. Chandarua kibaki kitandani.

Akishaingia

Ukigundua paka yumo ndani, zima sabufa na uchomoe plagi. Usitikise boksi, usiligeuze, usiingize mkono wala fimbo. Zima taa, waondoe watoto chumbani, weka dagaa au samaki hatua chache kutoka kwenye tundu na uondoke. Paka mzima aliyeingia mwenyewe kwa kawaida hutoka mwenyewe nyumba ikitulia.

Ukisikia milio ya watoto ndani, hali ni nyingine. Mama yao akiwa anaingia na kutoka, unaweza kuacha sabufa ikiwa imezimwa na kuchomolewa hadi awahamishe, ukimwekea karibu boksi zuri zaidi. Mama akiwa haonekani, au mtoto amenasa, boksi lifunguliwe. Kwa kawaida njia rahisi ni kufungua skrubu za spika kubwa na kuitoa polepole, huku ukishika fremu yake ya chuma bila kugusa koni. Lakini kumbuka kapasita: zinaweza kutunza chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiguse kitu chochote kwenye bodi ya amplifaya. Kama huna uzoefu, mwite fundi wa redio aje nyumbani, wala usimbebee sabufa yenye paka ndani kwenye bodaboda.

Kazi yote niliyoieleza inachukua mchana mmoja na vifaa vya bei ya chini: kipande cha wavu, skrubu chache, kandambili ya zamani, bomba la nyaya, kamba ya katani na katoni. Kwa kiasi hicho unaokoa chombo ulichokinunua kwa akiba, na unaokoa uhai uliokabidhiwa nyumba yako. Anza na tundu, kwa kuwa hatari kubwa iko huko, na usiache nguzo na katoni vingoje wiki ijayo. Na siku utakayofunga wavu, kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, mulika tochi ndani ya boksi na uhesabu paka wako wote, wakubwa kwa wadogo. Asiyeonekana, mtafute kwanza.